Mwalimu Nathanaeli na Kaseti ya Sinyora

Katika kiwanda kimoja cha mvinyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, enzi kilipokuwa bado mali ya umma, walikuwapo watu wawili ambao hakuna mfanyakazi aliyewapita bila kuwaamkia. Wa kwanza alikuwa meneja, kwa sababu ya cheo chake. Wa pili alikuwa Mwalimu Nathanaeli, kwa sababu ya ufunguo.

Ulikuwa ufunguo mdogo tu wa shaba, uliofungwa kwa kamba ya kiatu na kuning'inia shingoni mwake. Ulifungua chumba nyuma ya ghala la chupa, na ndani ya chumba hicho vililala vyombo ishirini na kimoja vya bendi ya kiwanda: matarumbeta, klarineti, saksafoni za alto, tromboni, tuba moja kubwa na ngoma zake. Kwa miaka kumi na tisa Nathanaeli alikula na ufunguo ule, akalala nao, akaoga nao. Mkewe Zipora alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni wa shaba na yuko shingoni.

Kwenye vitabu vya kiwanda Nathanaeli hakuwa mwalimu wa chochote. Alikuwa karani wa chupa tupu. Alizihesabu zikiingia, akazihesabu zikitoka, na saa tisa alasiri kalamu ilipowekwa chini, ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza. Hapo karani mpole aligeuka chui. Aliwahi kuisimamisha bendi katikati ya gwaride la Mei Mosi, mgeni rasmi amesimama juani na mkono umeshanyanyuliwa kupunga, kwa sababu tromboni ya pili ilikuwa imekosea. Wakaanza upya. Mgeni rasmi naye akapunga upya.

Alizaliwa Mvumi, akafundishwa kuimba na katekista aliyekuwa na ubao mrefu ulioandikwa do, re, mi kutoka chini hadi juu kama ngazi. Katekista aligusa kwa fimbo, watoto wakaimba. Hiyo ndiyo shule yote ya muziki aliyowahi kuipata Nathanaeli, na aliamini imemtosha. Nota za Kizungu, zile zinazokaa kwenye mistari mitano, hakuzijua wala hakuona haya kusema hazijui. Kila kitu alikiandika kwa herufi za solfa, na juu kabisa ya kila karatasi aliandika mstari mmoja: "Do yako ni" hapa au pale. Maana do, alivyowaeleza wapigaji wake, ni kama kigoda. Ukikiweka karibu na moto au ukikiweka mlangoni, wewe unakaa vilevile.

Na wapigaji walimwelewa, kwa kuwa karibu wote walikuwa watu wa kwaya. Jumapili walitawanyika makanisani kusindikiza waimbaji, na anayejua kwaya zetu anajua kwamba kiongozi hachukui do kwenye kinanda. Anaichukua kooni mwake, kulingana na alivyoamka. Akiona wimbo umelala, katikati ya ubeti hunyanyua kidole na kusema, "Pandeni moja!" Ole wake mpiga tarumbeta ambaye hatapanda. Hata Mzee Hassani wa tuba, ambaye hakuwa na kanisa la kwenda maana yeye Ijumaa alikuwa msikitini, alikuwa ameuzoea mchezo huo kuliko Wakristo wenyewe.

Mmoja tu ndiye aliyeudharau. Cornel, karani wa mapokezi na mpiga klarineti wa kwanza, kijana mwenye kola iliyopigwa pasi, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwa miezi sita na kurudi akiijua mistari mitano.

"Mwalimu," alikuwa akisema, "hizi do-re-mi ni za watoto wa Sunday school. Dunia nzima inasoma mistari."

"Basi dunia ije ihesabu chupa," Nathanaeli alimjibu, "nami niende mapokezi."

Hata hivyo kila alipopewa karatasi yake ya solfa, Cornel aliinakili kwa mistari mitano, kwa mkono mzuri ajabu, akaisoma hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Basi ukafika ule mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mgao wa umeme na wa mashirika kuuzwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka kumi nyuma mtu alivisikia redioni tu, na viwanda vilikuwa vinabandikwa bei mlangoni. Cha mvinyo nacho kikapata mnunuzi, kampuni ya Kitaliani. Wakaguzi wakaja na madaftari yao, wakaandika kila kitu kuanzia mapipa mpaka mafagio, na kila kitu kikawekwa katika fungu mojawapo kati ya mawili: vya kubaki, na vya kuuzwa mnadani.

Walipofika chumba cha nyuma ya ghala, waliandika mstari mmoja: "Vyombo vya muziki, vipande 21, chakavu." Wakauweka katika fungu la mnada. Kisha mmoja wao, bila ubaya wowote, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Nathanaeli aliuvua. Alipofika nyumbani jioni ile, Zipora aliiona shingo tupu hata kabla ya kuuona uso. Hakutania. Alimwekea ugali na mlenda, akakaa karibu naye mpaka akala.

Kesho yake alikwenda kwa meneja, Bwana Ambokile, Mnyakyusa mrefu aliyekuwa na tabia ya kusikiliza huku amefumba macho.

"Mzee Nathanaeli, nikudanganye ili iweje?" alisema Bwana Ambokile. "Bendi haizalishi mvinyo. Ila kuna jambo moja. Wakuu wa kampuni wanakuja Jumamosi ya tatu kuanzia sasa, na mwenye kauli ni mama mmoja mzee, wenyewe wanamwita Sinyora. Huyo mama ana ugonjwa mmoja tu duniani: opera." Akafungua mtoto wa meza, akatoa kaseti isiyo na jalada. "Zile tamthilia zao ambazo mtu badala ya kusema anaimba. Mwaka jana nilipokwenda kwao, alinipa hii. Kuna wimbo mmoja mle ndani ambao kwao hata muuza mkate anaujua. Upangie bendi. Akiupenda, mimi nitapata mdomo wa kumwambia vyombo vibaki. Asipoupenda, mnada ni Jumatatu."

"Wimbo unasemaje?"

"Sijui. Na nani anaimba sijui. Mimi kila nikiiweka nalala."

Nathanaeli akaichukua kaseti kwa mikono miwili.

Nyumbani kwake Chang'ombe, ile ya Dodoma, umeme haukuwapo, zamu yao ya mgao ilikuwa mchana kutwa na jioni. Lakini redio kaseti ilikuwapo, na betri zilikuwapo. Betri nne, za tangu Pasaka. Zipora alikuwa fundi wa betri. Kila asubuhi alizianika juu ya bati, pembeni ya majani ya mlenda yaliyokuwa yakikaushwa, na zilipokataa kabisa aliziuma kwa magego mpaka zikabonyea, zikapata nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Nani katika nchi hii hajawahi kuuma betri? Kununua mpya wakati za zamani bado zinasema ni ufujaji, na Zipora hakuwa mfujaji.

Wakakaa uani, wakabonyeza. Ikatoka sauti nzito, ya polepole, ya mtu anayeomboleza kwa lugha isiyojulikana, na nyuma yake vinanda vikijikokota.

Zipora alisikiliza mpaka mwisho. "Baba Erica, huyu mwanamume anaumwa?"

"Ni huzuni, Mama Erica. Wazungu nao wana misiba."

"Aimbe basi kama aliyefiwa. Huyu anaimba kama yeye ndiye marehemu."

Nathanaeli alimkaripia, kisha akairudisha nyuma na kuanza kuandika. Kwa siku kumi hakuandika kitu kingine, hata chupa nusura zimponyoke. Asubuhi alisikiliza kabla ya kwenda kazini, jioni akasikiliza tena mpaka jua likazama, sikio juu ya spika, kalamu ya risasi kidoleni. Alitafuta do ya mwimbaji kwa klarineti yake, akaikuta kwenye G ya klarineti, ambayo kwa tromboni ni F. Halafu akaugawa wimbo kama mtu anayegawa ng'ombe wa mahari, kila mmoja apate nyama yake na pasiwe na manung'uniko. Vinanda vyote vya nyuzi aliwapa klarineti. Kishindo cha chini alimpa Mzee Hassani na tromboni. Palikuwa na kitu kinachodondoka kama matone, hakujua ni chombo gani. Alimpa mzee Bartolomayo wa tarumbeta, na akamwagiza aje na kikombe cha bati cha kufunika mdomo wa tarumbeta, sauti itoke kwa mbali. Ilikuwa kazi nzuri. Yeye mwenyewe alijua ni nzuri, na kwa mara ya kwanza tangu avuliwe ufunguo alicheka mwenyewe.

Wa kuuimba alimjua tangu mwanzo. Alikuwa Evelina, binti wa Hombolo aliyekuwa akichambua zabibu kwenye meza ndefu. Sauti yake ilivuka mashine za kusaga na kuwafikia walinzi wa getini. Kwao alikuwa mwanzilishi kwenye ngoma za akina mama, yule anayetupa sauti juu kabisa ili wengine waje chini yake. Wimbo akiusikia mara mbili alikuwa nao.

"Lakini kwenye kaseti ni mwanamume," Cornel alipinga.

"Tafuta mwanamume anayeweza kuumaliza bila kukohoa, nitampa."

Hakupatikana. Evelina alichukua kaseti pamoja na redio ya Mwalimu na betri zake zile zile, akaketi nayo siku tatu wakati wa chakula. Kwa kuwa mwimbaji alivuta kila neno kama mtu anayevuta mlenda kwa kijiko, maneno yote aliyapata. Alisema Kitaliani si lugha ngumu, kila neno linafunguka mwishoni kama la kwetu. Akayakariri yote bila kujua anaomba nini wala anamwomba nani.

Mazoezi yakaanza, na hapo ndipo shida ilipojitokeza.

Wimbo haukuamka. Kila mpigaji alipiga sawasawa alichoandikiwa, na bado kilichotoka kilikuwa kama gari bovu linalosukumwa mlimani. Mbaya zaidi, Evelina hakusikika. Yule yule aliyewafikia walinzi wa getini, sasa tromboni zilimmeza kwenye mstari wa kwanza na hakutoka tena. Nathanaeli alipunguza tromboni kutoka tatu hadi moja. Alimwambia Mzee Hassani apige kwa nusu pumzi. Aliziba midomo ya alto kwa vitambaa vya kufutia chupa. Haikusaidia kitu.

"Mwalimu," Evelina alisema siku moja, kwa adabu, mikono nyuma, "huku chini mimi sina sauti. Ni kama nimeambiwa nikimbie nimekaa. Tungepanda kidogo?"

"Wewe umesikia kaseti imepanda?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Mama mwenyewe anaujua wimbo huu tangu utotoni. Tukiuchezea atajua. Kaseti haidanganyi, mwanangu."

"Sawa, Mwalimu. Lakini mimi nasikia kama wimbo wenyewe unataka kupanda."

"Kaseti haidanganyi!" akarudia, kwa ile sauti yake ya gwaride, na binti wa watu akarudi mahali pake. Mtu aliyekuwa amewapandisha watu do makanisani maisha yake yote, leo aliogopa kuigusa do ya Wazungu. Heshima ikizidi huwa inaziba masikio.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, walipiga mara ya mwisho. Walipomaliza kila mtu alianza kufuta chombo chake. Cornel aliangalia viatu vyake, na ukimya wa Cornel uliuma kuliko dhihaka zake. Nathanaeli alitia saini daftari la mlinzi ili kurudisha vyombo chumbani, maana sasa alivikopa kama mgeni, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Kesho nitavipoteza," alimwambia Zipora. "Vyote."

Zipora alikwenda kumpigia pasi suruali.

Jumamosi saa mbili asubuhi bendi nzima ilikuwa uwanjani mbele ya ofisi, mashati meupe, viti vimepangwa. Wageni walitarajiwa saa nne. Bwana Ambokile alikuwa amekodi jenereta kwa ajili ya vipaza sauti, na fundi umeme, Ludovick, alikuwa akihangaika na nyaya.

"Nipeni kaseti yoyote nijaribie," alisema Ludovick.

Evelina alikuwa nayo mkononi. Akampa.

Spika zikakoroma, kisha zikafunguka. Na juu ya uwanja ule, juu ya mapipa na miche ya mizabibu na wanawake waliokuwa wakifagia, ikaruka sauti ya mwanamke.

Ya mwanamke! Nyepesi, kali, ya juu, inayokimbia kama mtu aliyemwona mpenzi wake mwisho wa barabara. Vinanda havikujikokota tena, vilikuwa vinamkimbilia. Nathanaeli alisimama na fimbo yake mkononi, akasubiri ugeuke wimbo mwingine. Haukugeuka. Yale yalikuwa matone yale yale aliyompa Bartolomayo, na kishindo kile kile cha Mzee Hassani. Ulikuwa wimbo wake, ila uliotolewa kaburini.

"Mwalimu," Evelina alisema polepole, "kumbe ni mwanamke."

"Betri," alisema Mzee Hassani kutoka nyuma ya tuba. Akaanza kucheka, mpaka akashika tumbo. "Nathanaeli, ndugu yangu, umetupangia betri!"

Wengine wakacheka, kisha wakaona uso wa mwalimu wao, wakaacha. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Siku kumi! Siku kumi ameandika kwa sikio lake mwenyewe uchovu wa betri nne zilizoumwa na mkewe, kaseti ikijikokota na sauti ikishuka, akauita huzuni ya Wazungu. Na binti huyu alimwambia. Alimwambia kwa adabu, mara mbili, naye akamfokea. Alitamani akae chini palepale.

Cornel alikuwa ameinuka. "Tumekwisha," alisema, na safari hii hakuwa akidhihaki, alikuwa karibu kulia. "Karatasi kumi na nane. Kuandika upya kila nota kwa karatasi kumi na nane ni kazi ya wiki, Mwalimu. Wageni ni saa nne."

Nathanaeli alimtazama. Kisha akatazama karatasi iliyokuwa mbele yake: do, re, mi, fa, kurasa mbili, na juu kabisa mstari mmoja mfupi. Akaitazama tena. Aibu ikaanza kushuka njia ile ile iliyopandia.

"Kuandika upya?" alisema. "Nani anaandika upya?"

Akaiweka klarineti mdomoni, akaitafuta do ya yule mwanamke spikani, akaipata. Hatua moja na nusu juu. Akaigonga fimbo kwenye kiti, akaitoa ile sauti ya gwaride, lakini sasa yenye furaha ndani yake.

"Kalamu! Kila mtu akate mstari wa kwanza tu, mwingine asiguse. Klarineti na tarumbeta, do yenu ilikuwa G, leo ni B bemoli. Alto, mlikuwa D, sasa F. Tromboni na tuba, acheni F, nendeni A bemoli. Toeni vitambaa kwenye hizo alto. Tromboni zote tatu zirudi. Mzee Hassani, pumzi yako yote, usibakize ya kwenda nayo nyumbani."

Kalamu zikakwaruza mara moja. Kazi ya wiki ikaisha kabla ya maji ya chai ya wageni kuchemka.

Hakuna aliyeuliza itakuwaje. Kwa nini waulize? Jumapili ngapi walikuwa wamepandishwa hivyo na viongozi wa kwaya, bila hata kupewa muda wa kukata mstari? Aliyekwama alikuwa mmoja tu. Cornel aliketi na kurasa zake nzuri za mistari mitano, kila nota imekaa mahali pake, na mahali pake palikuwa pale pale, hapahami. Kisha akazikunja, akaziweka chini ya kiti, akasogeza kiti chake hadi kwa jirani yake.

"Nisogezee hiyo Sunday school," alisema, "tusome wawili."

Walipitia mara moja yote. Mara ya pili walifika katikati tu, vumbi la magari likaonekana barabarani. Kabla hajageuka kuwapokea wageni, Nathanaeli alimwendea Evelina.

"Nilikukosea, mwanangu. Uliusikia, mimi sikukusikia. Leo usinifuate mimi. Imba, sisi tutakuja chini yako."

"Kama kwetu," alisema Evelina.

"Kama kwenu."

Sinyora alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye fimbo ya kutembelea na miwani myeusi. Alisikiliza hotuba ya meneja akitazama milima. Alisikiliza ngoma ya shule ya jirani akitabasamu kwa adabu. Kisha Nathanaeli akanyanyua mkono, matone ya Bartolomayo yakaanza kudondoka kutoka ndani ya kikombe cha bati, na mama yule akavua miwani.

Evelina akaingia. Sauti yake sasa ilikuwa nyumbani kwake, na haikuwa na haja ya kipaza sauti wala cha kupandia. Tromboni tatu zilipiga kwa nguvu zote na hazikumgusa; alikuwa juu yao, wao wamembeba. Nathanaeli hakuwa na la kufanya ila kuufuata mdomo wake. Alipouvuta, akauvuta naye. Alipokimbia, kumi na wanane wakakimbia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameiongoza bendi hii, na leo ndipo alipoisikia.

Ukafika mwisho, pale ambapo wimbo unapanda ngazi na kusimama kwenye kilele. Evelina alipanda. Alipofika juu hakusimama tu, alikaa pale kama aliyeletewa kigoda, na wale wanawake wa meza ya zabibu, waliokuwa wamejipanga ukutani na kukatazwa kabisa kupiga kelele, wakashindwa. Vigelegele vikalipuka kabla wimbo haujaisha.

Bendi yote ilimwangalia mwalimu wao kwa hofu. Huyu ndiye aliyemsimamisha mgeni rasmi kwa kosa la tromboni moja. Nathanaeli alikuwa analia waziwazi, na mkono wake wa kushoto, ule usioshika fimbo, ulikuwa ukiwapungia wanawake waongeze.

Walipomaliza, Sinyora alikuwa amesimama. Hakungoja mtu amshike mkono. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Evelina, akamshika mashavu yote mawili, akamwambia maneno mengi kwa Kitaliani, naye Evelina akaitikia, "Asante, Mama. Shikamoo." Kisha Sinyora akamgeukia Nathanaeli, akaongea Kiingereza, Cornel akatafsiri.

"Anasema hata kwao bendi za namna hii huushusha wimbo huu, kwa kuogopa pale mwishoni. Anauliza nyinyi mmethubutuje kuupiga pale pale ulipo?"

Mtu mwingine angekubali sifa, akanyamaza. Nathanaeli hakuwa mtu huyo.

"Mwambie na sisi tuliushusha. Tumeupandisha asubuhi hii, saa mbili na nusu."

Cornel alisita, kisha akatafsiri. Mama yule akakunja uso, akauliza kitu kwa mkato.

"Anasema haiwezekani. Anataka kuona karatasi."

Nathanaeli akampa yake. Sinyora akaigeuza mbele na nyuma, akitafuta mistari mitano. Hakuikuta. Ndipo Cornel, Cornel wa kola na pasi, akamwonyesha kwa kidole ule mstari wa kwanza uliokatwa, na kumweleza: nota zote ni zile zile, tumehamisha kigoda tu. Alieleza kwa muda mrefu, na kwa majivuno makubwa, kama vile yeye ndiye aliyeugundua utaratibu huo. Nathanaeli alimwacha.

Alasiri, ndani ya ofisi, orodha ya mali ilisomwa kipengele kwa kipengele. Walipofika vyombo vya muziki, vipande ishirini na kimoja, chakavu, Bwana Ambokile alifumbua macho na kufungua mdomo aliokuwa ameuandaa. Hakupata nafasi ya kuutumia. Sinyora alikuwa ameuliza neno la mwisho lina maana gani, na alipoambiwa, alichukua kalamu ya meneja, akalikata yeye mwenyewe. Halafu akachora mshale mrefu kutoka fungu la mnada mpaka fungu la vya kubaki.

Nathanaeli alikuwa akingoja nje kwenye benchi, mikono magotini. Bwana Ambokile alitoka, akamwekea ufunguo kiganjani. Wakaguzi walikuwa wameitupa ile kamba ya kiatu. Nathanaeli aliinama, akaifungua kamba ya kiatu chake cha kulia, akaupachika humo, akauvaa.

Akatembea hadi Chang'ombe na kiatu kimoja kikimpwaya. Zipora alikuwa uani, mkono juu ya bati, akizikusanya betri kabla jua halijashuka. Aligeuka, akaitazama shingo ya mumewe kabla ya kuutazama uso wake.

"Mke mwenzangu karudi," alisema.

Na Nathanaeli, aliyekuwa amepanga njia nzima namna atakavyomgombeza juu ya zile betri, akazipokea zote nne kutoka mkononi mwake, akaenda kumsaidia kuanua mlenda.